Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Apone

Wahenga wetu walituachia kauli isemayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kauli hii twaitumia kila siku, harusini na barazani, hata wengi wetu tumesahau kwamba ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mwaliko, na sehemu ya pili ni sharti. Mgeni hukaribishwa kwa furaha, lakini kuja kwake hakuna budi kupimwe kwa swali moja: je, mwenyeji amepona? Katika visiwa vyetu, ambako utalii umekuwa nguzo kubwa ya mapato, sehemu ya kwanza huhubiriwa katika kila mkutano. Idadi ya wageni walioteremka uwanja wa ndege na bandarini hutangazwa, na ikizidi ya mwaka uliopita watu hupongezana. Sehemu ya pili haijapata mtangazaji.

Leo tungependa kuwachukua wasomaji wetu safari ya mbali, mpaka katika mji usio na mnazi wala pwani, mji ulioishi kwa theluji na wageni wake kwa muda wa karibu miaka 300. Mji huo ni Chamonix, nchini Ufaransa, katika milima ya Alpi. Tumeuchagua kwa sababu umeonja utamu wa wageni na machungu yao kabla yetu sote, na kwa sababu mambo uliyofaulu na yale yaliyoushinda yanaonekana wazi kwa kila mwenye kutaka kujifunza.

Chamonix ni mji mdogo. Wakaazi wake wa kudumu hawafiki 10,000. Umelala katika bonde jembamba, kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na juu yake umesimama Mont Blanc, mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 4,800, mrefu kuliko yote katika safu ya Alpi. Zamani watu wa bonde hilo walikuwa wachungaji na wakulima maskini. Wengine wao walizunguka majabalini wakitafuta mawe yang'aayo kama bilauri, wapate kuyauza. Theluji kwao haikuwa mchezo wala biashara. Ilikuwa ni mzigo wa miezi mingi ya kila mwaka, ilifunga njia, ikawatenga na jirani zao na ikaangukia mapaa yao.

Mwaka 1741 Waingereza wawili, Windham na Pococke, walifika bondeni wakauona mto wa barafu ukishuka kutoka vileleni. Yafaa tueleze kwamba mto wa barafu ni theluji ya miaka mingi, iliyoshindiliwa ikawa jiwe, nayo huteremka polepole kwa uzito wake yenyewe. Wageni hao waliuita Mer de Glace, yaani Bahari ya Barafu, na habari zao zikaenea Ulaya. Mwaka 1760 msomi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliahidi zawadi kwa atakayegundua njia ya kufika kilele cha Mont Blanc. Zawadi hiyo ilingoja miaka 26. Tarehe 8 Agosti, 1786, watu wawili wa Chamonix, Michel Paccard aliyekuwa tabibu na Jacques Balmat aliyekuwa mtafuta mawe, walifika kileleni. Tangu siku hiyo wageni hawakukatika.

Kila mgeni aliyetaka kupanda alihitaji mtu wa kumwonyesha njia, kumchukulia mizigo na kumwokoa akiteleza. Hivyo mchungaji wa jana akawa mwongozaji wa leo. Kazi hiyo ilikuwa na malipo mazuri, lakini pia ilikuwa na kifo ndani yake. Mwaka 1820 msafara wa mtaalamu wa Kirusi, Dakta Joseph Hamel, ulikuwa ukiukaribia mlima wa juu theluji ilipoporomoka. Wageni walirudi bondeni salama. Waongozaji watatu hawakurudi. Walimezwa na ufa wa barafu, na mto ule ukawashikilia kwa miaka 41, mpaka mwaka 1861 masalia yao yalipoanza kujitokeza chini kabisa, karibu na makaazi ya watu.

Hapa ndipo lilipozaliwa jambo ambalo sisi twaliona kuwa ndio urithi halisi wa Chamonix. Mwaka mmoja tu baada ya msiba ule, yaani 1821, waongozaji wa bonde waliungana wakaunda chama chao, Compagnie des Guides, ambacho kipo hadi leo na ndicho kikongwe kuliko vyote vya aina yake duniani. Chama kiliwekewa nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni zamu. Mgeni akija hapati kugombaniwa njiani, bali mwongozaji ambaye zamu yake imefika ndiye huchukua kazi, na wa pili hungoja mgeni wa pili. Nguzo ya pili ni mfuko wa kusaidiana, ambao humsaidia mwongozaji aliyeumia na mjane wa yule asiyerudi. Kila mwaka, tarehe 15 Agosti, waongozaji hufanya sikukuu yao, na kinachokusanywa siku hiyo huingia katika mfuko huo.

Msomaji wetu na atazame jambo hili kwa makini. Watu wale hawakuwa na digrii, wala hawakungoja mtaalamu wa kuja kuwafundisha. Waliona kwamba mgeni mmoja akigombewa na watu kumi, atakayefaidi ni mgeni, na bei ya jasho la mwenyeji itaanguka. Wakaona pia kwamba mtu akifa katika kazi inayoutajirisha mji mzima, si haki hasara imwangukie mkewe peke yake. Visiwani petu kila mtu amekwisha kuwaona vijana tunaowaita mapapasi, jinsi wanavyomkimbilia mgeni bandarini, huyu akimvuta mkono na yule akishika begi. Vijana hao hulaumiwa sana, na pengine lawama nyingine ni za haki. Lakini ni nani aliyewawekea zamu? Na nahodha wa ngalawa anayewapeleka wageni mwambani, akipinduka na upepo, ni mfuko gani utakaowatazama watoto wake?

Hatusemi kwamba chama hicho kilikuwa hakina dosari. Wapandaji milima wa Kiingereza wa karne ya 19 waliilalamikia sana kanuni ya zamu, wakisema kwamba inampa mgeni mtu asiyemtaka na inamnyima hodari tuzo ya uhodari wake. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli, na baadaye kanuni ililegezwa. Tena, kwa zaidi ya miaka 100 chama kilikuwa cha wazaliwa wa bonde tu. Mtu wa kwanza kutoka nje kupokelewa alikuwa Roger Frison-Roche, na hiyo ilikuwa mwaka 1930. Umoja ukizidi kufunga mlango hugeuka ukabila wa kazi. Lakini kosa la kufunga mlango halirekebishwi kwa kuing'oa nyumba nzima. Chamonix ilifungua mlango, na mfuko wa wajane ukabaki.

Sasa tuje kwenye majira ya baridi, ambayo ndiyo yaliyoupa mji huo sifa yake kubwa katika karne ya 20. Zamani wageni walikuja wakati wa joto tu. Baridi ikiingia, mji ulifungwa kama duka. Reli ilifika Chamonix mwaka 1901. Katika miaka hiyo hiyo tabibu mmoja wa mji, Dakta Michel Payot, alijifunza kutumia skii, yaani zile mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa miguuni ili mtu ateleze juu ya theluji bila ya kuzama. Mbao hizo zilikuwa zikitumika tangu kale katika nchi za Kaskazini, na watu wa bonde walizitazama kwa mzaha. Dakta Payot alizivaa akaenda kutazama wagonjwa wake katika vitongoji vilivyozibwa na theluji. Mwaka 1903 yeye na waongozaji wa Chamonix walivuka milima mirefu kwa skii mpaka Zermatt, nchini Uswisi. Mwaka 1908 mashindano ya kimataifa ya skii yalifanyika Chamonix kwenyewe.

Ni vyema kukumbuka asili hiyo. Mchezo ambao leo huonekana kuwa anasa ya matajiri uliingia katika bonde lile kwa miguu ya tabibu aliyekuwa akiwafuata wagonjwa. Kwanza ulimfaa mwenyeji, kisha ndipo ukamfurahisha mgeni.

Tarehe 25 Januari, 1924, wanamichezo wa nchi 16 walikusanyika Chamonix kwa mashindano yaliyoitwa Wiki ya Kimataifa ya Michezo ya Majira ya Baridi. Yaliendelea mpaka tarehe 5 Februari, na miaka miwili baadaye yalitambuliwa rasmi kuwa ndiyo Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Mshindi wa kwanza kabisa alikuwa Mmarekani Charles Jewtraw, katika mbio za mita 500 za kuteleza juu ya barafu kwa viatu vya makali. Magazeti na vitabu vimeyaandika majina ya washindi. Ni vigumu zaidi kukuta majina ya watu waliouandaa uwanja. Kabla ya mashindano theluji ilianguka kwa wingi mno, ikabidi iondolewe kwa mikono na makoleo, kisha joto na mvua vikaugeuza uwanja wa barafu kuwa ziwa, na mji mzima ukangoja baridi irudi. Baridi ilirudi kwa wakati. Medali za Chamonix, basi, zilisimama juu ya migongo ya wenye makoleo.

Kwa kuwa tunazungumza juu ya urithi, hapana budi tuseme pia kwamba urithi ni hesabu, na hesabu yataka uaminifu. Katika mashindano yale ya 1924 Thorleif Haug wa Norway, bingwa aliyeshinda medali tatu za dhahabu, aliandikwa pia kuwa wa tatu katika kuruka kwa skii. Miaka 50 ikapita. Mwaka 1974 iligunduliwa kwamba alama zilijumlishwa vibaya, na aliyestahiki nafasi ya tatu alikuwa Anders Haugen wa Marekani. Haug alikwisha fariki dunia. Binti yake aliichukua medali ya baba yake akamkabidhi mwenyewe, mzee aliyekuwa amepindukia miaka 80. Vile vile, mwaka 1887 mji ulisimamisha sanamu ya ukumbusho wa kuushinda Mont Blanc, na juu ya jiwe lile wakawekwa Balmat na msomi Saussure. Paccard, tabibu wa mji aliyefika kileleni pamoja na Balmat, hakuwekwa. Ilibidi ifike 1986, miaka 200 baada ya safari yao, ndipo naye alipopata sanamu yake. Nasi katika majumba yetu ya makumbusho na katika maneno tunayowaambia wageni, tujiulize ni akina Paccard wangapi tuliowaacha nje, tukawatukuza wapita njia kwa sababu tu waliandika vitabu.

Baada ya Olimpiki mji huo ulizaa mabingwa wake wenyewe. James Couttet, kijana wa Chamonix, alikuwa bingwa wa dunia wa kuteremka mlima mwaka 1938, naye ana umri wa miaka 16 tu. Mwaka 1962 mashindano ya dunia yalipofanyika Chamonix, Charles Bozon wa mji huo huo alishinda mbio za kupinda baina ya vijiti mbele ya jamaa zake. Miaka miwili baadaye, Julai 1964, poromoko la theluji katika mlima Aiguille Verte lilimuua Bozon na wenzake 13. Walikuwa ni wakufunzi na wanafunzi wa Shule ya Taifa ya Skii na Upandaji Milima, ambayo makao yake yapo Chamonix na ndiyo inayotoa shahada kwa waongozaji na walimu wa skii wa Ufaransa. Huko kazi ya kumwongoza mgeni ina shule ya taifa, ina mtihani na ina shahada. Mwenye shahada hiyo huheshimiwa kama fundi mwingine yeyote, kwa sababu anabeba roho za watu mikononi mwake.

Jambo hilo latufikisha kwenye wajibu wa Serikali, na hapa twaomba wakuu wetu watusikilize kwa subira. Mwishoni mwa 1956 vijana wawili, Vincendon na Henry, walikwama juu ya Mont Blanc katika baridi kali. Watu waliwaona kwa darubini kutoka bondeni. Ikatokea mabishano juu ya nani mwenye jukumu la kuwaokoa, helikopta ya jeshi ikaanguka, na vijana wale wakafa juu ya mlima. Fedheha hiyo iliitikisa Ufaransa. Mwaka 1958 uokozi wa milimani ukakabidhiwa askari maalumu wa Serikali, na tangu hapo hakuna mtu anayekufa huku watu wakiulizana kazi hii ni ya nani. Swali hilo la kazi ni ya nani huulizwa vile vile baharini, chombo kinapozama. Jawabu lake lapasa liwe limeandikwa kabla ya chombo kung'oa nanga.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tarehe 9 Februari, 1999, baada ya siku kadhaa za theluji nyingi, poromoko kubwa lilikiangukia kitongoji cha Montroc, katika bonde la Chamonix. Nyumba 14 zilivunjwa na watu 12 wakafa. Nyumba hizo hazikujengwa kwa wizi. Zilijengwa kwa kibali, mahali ambapo ramani rasmi za khatari hazikuyaona maafa hayo. Mwaka 2003 mahakama ilimtia hatiani Meya wa mji kwa kutowahamisha watu kwa wakati, ikampa kifungo cha miezi mitatu kilichoahirishwa. Wapo waliosema kwamba alionewa, kwani nani awezaye kuitabiri theluji? Lakini mahakama ilithibitisha kanuni moja ambayo kila mwenye muhuri yampasa aikumbuke: anayesema hapa pakaliwe, naye ana sehemu katika dhamana ya roho za watakaokaa hapo. Sisi hatuna theluji. Tuna bahari inayokula fukwe, na tuna majengo yanayozidi kuusogelea mstari wa maji makuu. Bahari nayo haisomi vibali.

Na sasa theluji yenyewe inaondoka. Mwaka 1909 treni ya mlimani ilikuwa ikiwafikisha abiria kituo cha Montenvers, nao wakiona Bahari ya Barafu imejaa karibu chini ya miguu yao. Barafu imeshuka mwaka hadi mwaka, mpaka ikabidi yajengwe madaraja ya ngazi zaidi ya 500 ili mgeni aifikie. Kando ya ngazi hizo viliwekwa vibao vya miaka, kuonyesha barafu ilikuwa wapi wakati huo. Mwaka 2024 vilizinduliwa vigari vipya vya kamba vinavyowapeleka wageni juu zaidi ya bonde, kuifuata barafu inayorudi nyuma. Sehemu nyingine za Alpi mashine hupuliza maji kuyafanya theluji, na wenye viwanja vya chini wanahesabu majira waliyobakiwa nayo. Asijidanganye mtu kwamba hayo ni ya Ulaya peke yake. Kilimanjaro yetu, tunayoionyesha ulimwengu katika kila picha, ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake baina ya 1912 na mwanzo wa karne hii. Joto linaloyeyusha barafu ya Chamonix ndilo linaloipandisha bahari na kuzikausha rangi za matumbawe yetu.

Hata hivyo, kinachowatia hofu kubwa kabisa watu wa Chamonix hakitoki mbinguni. Ni bei ya nyumba. Watu wenye fedha kutoka miji mikubwa na nchi za mbali wamenunua nyumba bondeni, wakazifanya za likizo, wakazifungua wiki chache kwa mwaka na siku zilizobaki zikakaa gizani. Nyingine hupangishwa kwa wageni wa siku mbili tatu, kwa kuwa hiyo ina faida kuliko kumpangisha mwalimu au muuguzi. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa mwongozaji, ambaye babu wa babu yake aliingia katika zamu ya 1821, hawezi kununua chumba katika mji ambao jina lake limeandikwa mawe yake. Wafanyakazi wa msimu, wale wanaopika, wanaofagia na wanaoendesha magari ya kamba, hupata shida kubwa ya mahali pa kulala. Mji una vitanda kwa maelfu ya wageni, na anayevitandika vitanda hivyo hana chake.

Katika hilo wakuu wa bonde hawakukaa kimya. Wamewekea mipaka upangishaji wa siku chache, na mwaka 2025 walichukua hatua ya kuzuia nyumba mpya zisijengwe kuwa za likizo, kwa sharti kwamba ziwe makaazi ya kudumu ya watu. Hatua hiyo imechelewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyumba imekwisha ondoka mikononi mwa wenyeji. Lakini imechukuliwa hadharani na kwa sheria, na mwenye kuipinga anajua aende wapi kuipinga.

Tunajua watakuwapo watakaotujibu kwamba tunauonea wivu utajiri. Watasema: bila ya wageni, Chamonix ingebaki kijiji cha wachungaji wenye njaa, na bila ya wageni visiwa vyetu vingerudi kutegemea karafuu peke yake, ambayo bei yake hupangwa na wengine. Hoja hiyo ni ya haki, na hatuikatai. Wageni waliwatoa watu wa Chamonix katika umaskini. Waliwaletea reli, shule na hospitali. Hakuna mwongozaji wa Chamonix anayetaka kurudi katika maisha ya babu yake. Tunachosema ni kwamba faida hiyo haikuja kwa kuwa wageni walikuja. Wageni huja penye uzuri wowote, na mara nyingi humwacha mwenyeji kama walivyomkuta, au chini ya hapo. Faida ilikuja kwa sababu wenyeji walijipanga mapema, wakaishika kazi mikononi mwao, wakagawana zamu na wakachangiana msiba. Pale walipojipanga, walipona. Pale walipoacha kila kitu kiamuliwe na bei, kama katika nyumba, wameanza kuugua.

Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliuingiza upandaji milima wa Ufaransa, Italia na Uswisi katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Heshima zote mbili ni kubwa, lakini tofauti yake ina funzo. Sisi tumeandikiwa mawe na milango. Wao wameandikiwa maarifa na mwenendo wa watu. Mawe yaweza kubaki hata wenyeji wakihama wote. Maarifa hayabaki bila ya watu. Mji ambao urithi wake ni watu unalazimika kuuliza watu hao watalala wapi, na sisi wenye mawe twaweza kujisahau tukadhani kwamba jengo likipakwa chokaa kazi imekwisha.

Kwa hiyo tunayo machache ya kuwaambia wanaohusika.

Kwanza, kwa wananchi wanaoishi kwa kazi ya wageni, manahodha, wapiga mbizi, waongozaji wa mjini na wa mashamba ya viungo, wapishi na wachuuzi: jipangeni. Msingoje hisani ya mwenye hoteli. Wekeni zamu mnayoiamini, na wekeni mfuko ambao hesabu yake husomwa hadharani. Mfuko usiosomewa wanachama hauchukui muda kugeuka kuwa mali ya mtu. Na mkiisha kujipanga, msimfungie mlango kijana hodari kwa sababu tu amezaliwa kisiwa cha pili au ng'ambo.

Pili, kwa wenye dhamana ya ardhi na ujenzi: kabla ya kutia muhuri, ulizeni maji yalifika wapi mwaka ule wa dhoruba, na waulizeni wazee wa kijiji, ambao kumbukumbu zao mara nyingi zina umri mkubwa kuliko ramani. Kibali kikitoka, jina la aliyekitoa libaki katika daftari na lijulikane.

Tatu, kwa wanaopanga mipango: kila mnapotangaza idadi ya wageni, tangazeni pamoja nayo habari za wenyeji. Semeni ni vijana wangapi wa kijiji chenye hoteli wamepata kazi iliyo juu ya kufagia, ni familia ngapi zimehama kwa sababu ya kodi ya nyumba, ni njia ngapi za kwendea pwani ambazo mvuvi bado anaruhusiwa kupita. Hesabu ya upande mmoja haiitwi hesabu.

Nne, kwa walimu na vyuo vyetu: kazi ya kumwongoza mgeni ifundishwe kama elimu, ipewe mtihani na shahada yenye hadhi, ili anayeifanya asidhaniwe kuwa ni mtu aliyekosa kazi nyingine.

Watu wa Chamonix hawakuichagua theluji. Waliikuta, kama sisi tulivyoikuta bahari. Walichochagua ni namna ya kuishi nayo, na sasa theluji inapopungua, uchaguzi huo ndio watakaobaki nao. Kama nyumba zitakaliwa na watoto wao, watabuni maisha mengine, kama mchungaji alivyogeuka mwongozaji na mbao za tabibu zikageuka mchezo wa dunia nzima. Kama nyumba zitakuwa za wapita njia, barafu itakapokwisha hapatakuwa na mtu wa kubuni chochote. Visiwa vyetu navyo vina uchaguzi huo mbele yao, na bado wakati haujapita. Karibu mgeni. Lakini kila jua linapokuchwa, mwenye dhamana na amwendee mwenyeji mlangoni pake amuulize kama amepona.